Wayahudi wa Nabugoye

Nabugoye ni kilima kidogo nje ya mji wa Mbale, mashariki mwa Uganda, palipo na kitovu cha Wayahudi wa Uganda waitwao Abayudaya. Uyahudi wao haukuletwa na damu wala uhamiaji. Waliusoma, wakaufuata.

Aliyeanza ni Semei Kakungulu, jemadari Mganda aliyewatekea Waingereza nchi za mashariki akitarajia ufalme. Walipomnyima, alijitenga nao, akajiunga na madhehebu ya Wamalaki waliokataa dawa za hospitali. Kusoma Agano la Kale kukamfikisha mbali zaidi: mwaka 1919 alitahiriwa pamoja na wanawe. Wenzake walipompinga kwamba hayo ni mambo ya Kiyahudi, akakubali kuwa Myahudi.

Mwaka 1920 alipita mgeni Myahudi aitwaye Yosef, akakaa nao miezi kadhaa akiwafundisha kalenda, sala na sheria za vyakula. Mwaka 1922 Kakungulu alichapisha kitabu cha kuwaongoza wafuasi wake. Alifariki 1928. Baada yake uongozi ulishikwa na Samson Mugombe.

Pigo kubwa lilikuja na Idi Amin, aliyepiga marufuku dini yao mwaka 1971. Masinagogi yalibomolewa, wengi wakaingia Ukristo au Uislamu. Inakadiriwa kwamba kati ya watu 3,000 walibaki 300 hivi, wakisali kwa siri hadi Amin alipopinduliwa 1979.

Kuinuka upya kulifanywa na vijana. Miaka ya 1980 walianza kuishi na kufanya kazi kwa ujima hapo Nabugoye. Mwaka 2002 marabi kutoka ng'ambo walikuja kuwaingiza rasmi mamia yao katika Uyahudi. J. J. Keki, mmoja wao aliyekuwa New York siku majengo pacha yaliposhambuliwa 2001, alirudi akawashawishi majirani Waislamu na Wakristo washirikiane nao. Mwaka 2004 wakaanzisha ushirika wa kahawa wa Mirembe Kawomera, yaani amani tamu, katika miteremko ya Mlima Elgon.

Gershom Sizomu, mjukuu wa Mugombe, alisomea urabi Los Angeles akahitimu 2008. Mwaka 2016 sinagogi jipya lilifunguliwa Nabugoye, na mwaka huohuo Sizomu akachaguliwa mbunge wa Bungokho Kaskazini. Wayahudi peke yao wasingeweza kumpeleka bungeni, maana ni wachache mno. Kura zilizompeleka zilikuwa za majirani wanaoswali msikitini na wanaosali kanisani.