Kesi ya Wazo, kutoka Nchiru hadi Nairobi

Nchiru, kwenye barabara ya Meru kwenda Maua, jumba la Njuri Ncheke na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru ni majirani. Huku kuna baraza la wazee lililokata mashauri tangu kabla ya Mwingereza kufika. Kule, vijana wanaunda mitambo. Hapo ndipo nilipoanza kufuata njia ya shauri moja: mtu akiibiwa ubunifu wake, anashtaki wapi?

Zamani halikwenda mbali. Wafuga nyuki wa Tharaka walichonga alama ya ukoo kwenye mzinga, na mwizi wa asali alijibu mbele ya wazee wa kwao. Mkoloni naye aliitumia Njuri ilipomfaa: mwaka 1956 ndiyo iliyopitisha marufuku ya ukeketaji, na wasichana wa Meru wakaasi, wakakeketana wenyewe. Uvumbuzi, hata hivyo, hakuwaachia wazee. Sheria ilimtaka mvumbuzi apate hataza Uingereza kwanza, ndipo aje kuisajili Nairobi. Bendera ikabadilishwa 1963, njia ya London ikabaki ile ile mpaka Sheria ya Mali ya Viwanda ya 1989 ilipoanza kutumika mwaka uliofuata.

Barabara ya leo inashuka Nkubu, Chuka, inavuka Thuci, inapita Runyenjes hadi Embu. Mahakama Kuu ya hapa si ya kudharauliwa. Mei 2024 ilisimamisha marufuku ya muguka iliyowekwa Mombasa, pwani kabisa, baada ya wakulima wa Mbeere kuona soko lao linafungwa. Mahakama Kuu ni moja nchini, na kifungu cha 165 cha Katiba kinaipa mamlaka yasiyo na mpaka katika kesi za madai na za jinai. Kwa hiyo mwenye alama ya biashara iliyoigwa anaweza kuwasilisha kesi Embu au Meru. Anayenakili nyimbo za watu na kuziuza anaweza kupandishwa kizimbani mbele ya hakimu papo hapo mjini.

Hataza ni habari nyingine. Aliyeigiwa mtambo huelekezwa kwenye Jopo la Mali ya Viwanda, Nairobi, na rufaa ndiyo huenda Mahakama Kuu. Pingamizi dhidi ya usajili wa alama ya biashara husikizwa na Msajili, Nairobi vilevile. Mbegu zina jopo lake. Mkulima wa Kanyuambora hawezi kujua aanzie mlango upi bila wakili, na wakili ana bei.

Kuna njia moja tu iliyogeuzwa kurudi nyumbani. Sheria ya 2016 ya maarifa ya jadi inaitaka kila kaunti iwe na rejista ya maarifa ya watu wake, dawa za miti zikiwemo, na anayetaka kuyatumia aombe kwanza idhini ya jamii. Kifungu cha 159 cha Katiba nacho kinatambua usuluhishi wa wazee, mradi usivunje haki za mtu. Kikwazo ambacho ningependa kingekuwepo 1956.

Mwenye hataza bado anasafiri. Rufaa za Meru na Embu zimekuwa zikisikizwa Nyeri na majaji wa Mahakama ya Rufaa, bila wahusika kuitwa Nairobi. Sioni kwa nini Jopo nalo lisipande huku likaketi siku chache kila mwaka.