Sindano ya Antibiotiki Ilivyotoka Wodini Ikaja Nyumbani (Sehemu ya 3)



Sehemu mbili zilizopita tuliongea kuhusu antibiotiki za kunywa. Leo tunaingia kwenye za sindano, kwa sababu swali ninaloulizwa sana ni hili: "Nesi, mtoto amechomwa dozi mbili hospitali, zilizobaki tumepewa tukachomee karibu na nyumbani. Ni salama?"

Jibu fupi: inaweza kuwa salama. Ila ili ujue ni lini inakuwa salama na ni lini unacheza na maisha ya mtoto, nataka nikupitishe njia ambayo sindano hii imepita hadi ikafika mlangoni kwako. Usiruke, soma mpaka mwisho.

Mwaka 1941 mmoja wa wagonjwa wa kwanza kabisa kuchomwa penisilini alikuwa polisi wa Oxford, Uingereza, aitwaye Albert Alexander. Usaha ulikuwa umemvamia uso na jicho. Dawa ilipoanza kuingia, homa ikashuka, akaanza kula. Shida ikawa moja: penisilini ile haikai mwilini. Figo zinaitoa haraka sana kwenye mkojo, kwa hiyo ilibidi achomwe kila baada ya saa chache, usiku na mchana. Dawa ilikuwa haba kiasi kwamba walikusanya mkojo wake, wakaichuja penisilini humo na kumrudishia. Baada ya siku chache ikaisha kabisa. Ugonjwa ukarudi, na mwezi Machi akafariki.

Hapo kuna somo la kwanza, lishike: kupata nafuu siyo kupona. Mtoto akichangamka siku ya pili haimaanishi dozi imekamilika.

Sasa fikiria, dawa ya kuchomwa kila baada ya saa chache nani ataipeleka nyumbani? Mgonjwa alilazimika kulala wodini. Ndipo wataalamu wakahangaika kutengeneza dawa inayokaa. Ikaja penisilini ya kuchoma mara moja kwa siku, kisha katika miaka ya 1950 ikaja ile nzito, benzathini, inayobaki mwilini kwa wiki kadhaa.

Hii benzathini waulize bibi zetu. Kati ya 1952 na 1964, Shirika la Afya Duniani na UNICEF waliendesha kampeni kubwa dhidi ya buba kwenye nchi 46. Buba ulikuwa ugonjwa wa vidonda vya ngozi, unawapata sana watoto, na ukiachwa unaharibu hadi mifupa. Watu wapatao milioni 50 walitibiwa. Sindano moja tu, na vidonda vinakauka! Hata kabla ya penisilini, kule Kenya miaka ya 1920, watu walikuwa wanamiminika kwenye vituo kufuata sindano za buba. Kwa hiyo ukimsikia mama mkwe anasema "mtoto hajachomwa sindano, hajatibiwa huyo", usimcheke. Imani hiyo ilizaliwa kwenye jambo la kweli.

Lakini sindano ina upande wa pili, na Misri wanaujua vizuri. Kuanzia miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, serikali yao iliwachoma watu wengi sana dawa ya kichocho. Siyo antibiotiki, ila njia ni ile ile ya sindano. Mabomba yalikuwa ya kioo, yanarudiwa kutumika, na mara nyingi hayakuchemshwa inavyotakiwa. Kichocho kilitibiwa, lakini homa ya ini aina ya C ikasambaa kijiji kwa kijiji, hadi Misri ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi duniani. Dawa ilikuwa sahihi. Nia ilikuwa nzuri. Kilichowaumiza watu ni bomba na sindano.

Turudi kwenye safari yetu. Mwaka 1974 madaktari wa Marekani waliandika kuhusu wagonjwa wenye ugonjwa wa kurithi unaojaza makohozi mazito mapafuni, wengi wao watoto. Walikuwa wanalazwa wiki kwa wiki kwa ajili ya antibiotiki za mshipani tu. Wakaamua kuwaruhusu wamalizie nyumbani, baada ya wao na familia zao kufundishwa. Kisha miaka ya 1980 ikaingia sokoni seftriaksoni, ile ya unga mweupe kwenye kichupa ambayo wengi mnaijua. Hii inakaa mwilini muda mrefu, kwa hiyo kwa magonjwa mengi dozi ni mara moja kwa siku. Mlango wa nyumbani ukafunguka.

Kwa sisi wenye watoto wachanga, hadithi kubwa zaidi imetoka Gadchiroli, India, miaka ya 1990. Daktari Abhay Bang na mkewe, daktari Rani Bang, waliona vichanga wanakufa kwa maambukizi ya damu kwa sababu hospitali ni mbali na wazazi wengi hawaendi. Wakawafundisha wanawake wa vijijini, kwenye vijiji 39: kumpima mtoto uzito, kuhesabu pumzi, kutambua dalili, na kuchoma jentamisini nyumbani pale wazazi waliposhindwa kwenda hospitali. Matokeo yalitoka mwaka 1999. Ukilinganisha na vijiji vya jirani ambavyo havikuwa na huduma hiyo, vifo vya vichanga vilipungua kwa zaidi ya nusu.

Angalia vizuri hapo. Jentamisini ilikuwepo tangu miaka ya 1960. Kilichokuwa kipya Gadchiroli ni mtu aliyefundishwa, dozi iliyopigiwa hesabu kwa uzito, na mtoto anayefuatiliwa hadi mwisho.

Baadaye utafiti mkubwa ulifanyika Kenya, Kongo na Nigeria kwa vichanga ambao familia zao zilishindwa kupelekwa hospitali. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo: pale rufaa inaposhindikana kabisa, kichanga anaweza kutibiwa kituo cha karibu bila kulazwa kwa jentamisini ya sindano pamoja na amoksilini ya kunywa. Na njia mojawapo ina sindano za siku mbili tu, amoksilini inaendelea hadi siku saba. Yaani wataalamu wenyewe wanapunguza sindano pale inapowezekana, siyo kuziongeza.

Kwa hiyo mama, kabla hujaondoka hospitali na vile vichupa, simama uhakikishe haya:

1. Dozi ya kwanza mtoto achomwe kituoni na mkae angalau nusu saa. Aleji kali huja ndani ya dakika chache: kuvimba midomo, kukosa pumzi, kulegea. Hapo inahitajika dawa ya haraka ambayo nyumbani huna.

2. Andikiwa kwenye karatasi: jina la dawa, uzito wa mtoto, kiasi, saa, na siku ya mwisho.

3. Uliza inaingia wapi, msuli au mshipa. Seftriaksoni iliyochanganywa na dawa ya ganzi ni ya msuli TU. Ikiingia mshipani inaweza kuua.

4. Anayechoma awe nesi, daktari au tabibu aliyesomea. Siyo jirani "mwenye mkono mwepesi". Mtoto mdogo huchomwa pajani, kwa mbele upande wa nje. Sindano ya makalio ikikosewa inaweza kugusa mshipa mkubwa wa fahamu, mtoto akaburuta mguu maisha yake yote.

5. Bomba jipya na sindano mpya kila dozi, zifunguliwe mbele ya macho yako. Zikishatumika ziingie kwenye chombo kigumu chenye mfuniko, uzirudishe kituoni.

6. Kichanga mwenye manjano, au aliye kwenye dripu yenye kalsiamu, asipewe seftriaksoni. Mkumbushe anayechoma.

Na ukiona kichanga hanyonyi, ana degedege, kifua kinabonyea, mwili wa moto au wa baridi, au hajisogezi mpaka umguse, usisubiri saa ya sindano inayofuata. Ni hospitali, hata kama ni usiku wa manane.

Sindano ilitoka wodini kwa sababu kuna watu walihakikisha uangalizi wa wodini unatoka nayo. Ukiletewa sindano bila huo uangalizi, una haki ya kukataa na kurudi kituoni.

Mtumie mama mwenzio mwenye kichanga. Sehemu ya 4 tutaongea usugu wa dawa. Maswali wekeni hapo chini, nitajibu nikitoka zamu.