Kigali na Mabonde Yake

Wengi hulijua Kigali kama jiji la vilima. Katika makala haya tunashuka mabondeni, kwani riziki ya mji ilitegemea huko. Mwaka 1907 Mjerumani Richard Kandt alianzisha kituo chake cha utawala juu ya kilima cha Nyarugenge. Chini yake mto Nyabugogo, utokao ziwa Muhazi, huingia Nyabarongo, na maji hayo hufuata Akagera hadi ziwa Viktoria. Mto haukuwa njia ya meli. Faida yake kubwa ilikuwa tope. Kiangazi kilipokausha vilima, wakulima walipanda viazi vitamu na maharage bondeni. Mafunjo yalisukwa mikeka, na udongo wa mfinyanzi ukafyatuliwa matofali.

Biashara ilivuta Waswahili, Waarabu na Wahindi, walionunua ngozi na kuuza nguo. Msikiti ukajengwa Nyamirambo mwaka 1913, na Kiswahili kikawa lugha ya soko, zaidi ya miaka mia moja kabla ya bunge kukifanya lugha rasmi mwaka 2017. (Wanafunzi wetu hulisahau hilo!)

Wakati wa uhuru, 1962, mji ulikuwa na watu wapatao 6,000 tu. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 1.7. Mabonde, lakini, hayakuongezeka. Viwanda vilijazana katika ardhi chepechepe ya Gikondo hata serikali ikaamua kuvihamisha. Bonde la Nyandungu likageuzwa bustani, iliyofunguliwa 2022. Miwa ingali inalimwa kando ya Nyabarongo, nao mto, kila masika, hupita mwekundu kwa udongo wa mashamba ya vilimani.