Kujitolea

Kujitolea ni kutoa nguvu, muda au ujuzi kwa hiari, kwa manufaa ya wengine, bila kudai ujira. Tanzania ina mizizi mirefu ya desturi hii. Upareni, wanakijiji hutoka kwenye msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, kuchimba mifereji na kutengeneza barabara. Baada ya Uhuru wa 1961, shule na zahanati nyingi zilijengwa kwa nguvu za wananchi.

Mfano wa Chamazi

Chamazi ni kata ya Temeke, kusini mwa Dar es Salaam, upande wa Mbagala. Mwishoni mwa miaka ya 2000, baadhi ya wakazi wa Kurasini waliohamishwa kupisha upanuzi wa bandari waliweka akiba kidogo kidogo kupitia shirikisho la wakazi maskini wa mijini, wakanunua ekari 30 Chamazi na kuunda ushirika wa nyumba. Wanachama, wengi wao wanawake, walifundishwa kuchanganya mchanga na saruji na kufyatua matofali. Kwa kuchangia nguvu kazi walipunguza gharama za nyumba zao na za majirani zao.

Sababu

Mwaka 1998 wanasaikolojia E. Gil Clary na Mark Snyder, pamoja na wenzao, walitaja sababu sita za watu kujitolea: imani ya mtu kuhusu utu, kujifunza, kuwa karibu na watu, kutafuta uzoefu wa kazi, kupunguza machungu ya moyoni na kujiona wa thamani. Sababu hizi hukaa pamoja ndani ya mtu mmoja. Mfyatua matofali wa Chamazi anapata ujuzi na nyumba, na jirani yake vilevile anapata makazi. Faida yake mwenyewe haiupunguzii wema wake thamani. Msibani pia, vijana wa mtaa huchimba kaburi bila malipo, kwa thawabu na kwa kujua kuwa leo kwako, kesho kwangu.

Mipaka

Anayejitolea hulipa nauli na huenda akakosa kibarua cha siku hiyo. Mzigo huo humwelemea zaidi maskini, ambaye ndiye huombwa mara nyingi. Haki inataka apewe nauli, chakula na vifaa, na awe na sauti katika maamuzi. Akilazimishwa, au akitumiwa kuziba nafasi ya mtumishi anayestahili mshahara, huko si kujitolea tena, ni kunyonywa.