Mathias Mnyampala: Mwalimu wa Ugogo na Kalamu ya Kiswahili

Mathias Mnyampala alizaliwa mwaka 1917, Ugogo ukiwa unaingia kwenye njaa ambayo wazee waliiita Mtunya. Wajerumani walikuwa wamechukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo ya vita. Waingereza walioiteka Dodoma Julai 1916 wakaendelea kuchukua kilichobaki. Mvua nazo zikakatika. Inakadiriwa kwamba hadi 1920 watu wapatao 30,000 walikuwa wamekufa katika wilaya ya Dodoma, karibu mmoja kati ya kila watano. Mtoto mmoja aliyepona alikuja kuwa mwanahistoria, mtunzi wa hadithi na mshairi, na sisi wa Manyoni tunayo haki ya kumwita wetu.

Nasema wetu kwa sababu Ugogo haukuishia ulipo mpaka wa mkoa wa leo. Treni ikitoka Bahi na kupandisha ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Saranda, Kigogo hakikatiki njiani. Kinasikika Kintinku, kinasikika Kilimatinde, pale Wajerumani walipojenga boma kabla reli haijafika. Enzi za Mnyampala, Manyoni na Dodoma zilikuwa katika Jimbo moja la Kati.

Alianza maisha akichunga mifugo ya baba yake. Elimu aliipata kwa Wakatoliki, katika misheni ya Bihawana, kisha akawa mwalimu wa misheni. Baadaye aliingia serikalini kama karani, akapanda hadi kuwa liwali, na mwishowe hakimu. Wengine wangeona kazi za aina hiyo zinamtenga mtu na wenzake. Naamini kwake ilikuwa kinyume. Karani wa kodi anaijua kila kaya, na anayesikiliza kesi barazani anasikia wazee wakibishana kuhusu ukoo, mahari, mipaka na nani alitangulia kufika wapi. Mtu mwenye masikio hapungukiwi cha kuandika.

Mwaka 1954 kilitoka kitabu chake cha historia, mila na desturi za Wagogo. Kwangu hiki ndicho kikubwa kuliko vyote alivyoandika, ingawa jina lake lilikuja kuvuma kwa mashairi. Kabla yake Ugogo uliandikwa zaidi na wapita njia. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora ilikatiza hapa, na Wazungu kama Burton na Stanley waliondoka wakilalamikia kiu, jua na hongo waliyotozwa na watemi. Hawakukaa wakamsikiliza mwenyeji. Mnyampala aliandika akiwa ndani ya nyumba, kuhusu watu wenye koo, tawala na asili zao. Na aliandika kwa Kiswahili, lugha ambayo mama yake hakumlea nayo, ili Msukuma na Mzaramo nao wasome habari za Mgogo.

Mwaka 1961, mwaka wa Uhuru, ikatoka hadithi yake, Kisa cha Mrina Asali na Wenzake Wawili. Msomaji wa Itigi hahitaji kuelezwa mrina asali ni nani. Katika misitu yetu ya miombo watu bado wanatundika mizinga juu ya miti na kurina. Wakati ambapo wengi walidhani fasihi ya Kiswahili lazima inuse chumvi ya bahari, mwandishi wa nchi kavu alimpa nafasi mtu wa porini, tena kwenye jalada. Diwani zake za mashairi zilifuata katika miaka ya sitini, na akawa miongoni mwa viongozi wa UKUTA, chama cha usanifu wa Kiswahili na ushairi.

Kisha likaja Azimio la Arusha, Februari 1967. Mwaka uliofuata Rais Nyerere aliwakutanisha washairi Dar es Salaam na kuwaomba wautumie ushairi kuwaelimisha wananchi. Mnyampala aliitikia kwa ngonjera: mashairi ya kujibizana, mmoja haelewi, mwingine anamfafanulia, hadi wakubaliane. Kwa kuwa alikuwa mwalimu, alijua kwamba somo linaloigizwa na watoto jukwaani linafika hata kwa mzazi asiyejua kusoma. Baadaye wahakiki walisema ngonjera ziliiweka sanaa chini ya siasa, na hoja hiyo ina uzito. Zipo ambazo jibu lake unalijua tangu ubeti wa kwanza. Lakini watoto wetu wanazitoa hadi leo kwenye mahafali na sikukuu za kitaifa, mbele ya mkuu wa wilaya, na ukumbi mzima unatulia kusikiliza. Watunzi wachache wa Kiswahili wamepata hadhira kama hiyo.

Yeye hakuishi kuyaona. Alifariki mwaka 1969, akiwa na umri wa miaka hamsini na kitu, na vitabu vya Ngonjera za UKUTA vilichapishwa mwaka 1970 na 1971, mwenyewe akiwa kaburini.

Mwaka 1995 mwanahistoria Gregory Maddox alikitoa kitabu cha Wagogo kwa Kiingereza, kikachapishwa Marekani, na wanafunzi wa vyuo vya huko wakaanza kumsoma Mnyampala. Kiswahili chake kinastahili kurudishwa mitamboni, nakala zifike kwenye kila sekondari kuanzia Kintinku hadi Itigi, na walimu wa historia wawatume wanafunzi kwa wazee, na kitabu mkononi, wakaulize ni wapi Mnyampala alipatia na wapi wazee wa Manyoni wana maelezo tofauti.