Kuandikishwa si Kupokewa

Mwaka 1948, Chuo Kikuu cha Oklahoma, Marekani, kilimwandikisha George McLaurin, mwalimu Mweusi, kusomea shahada ya uzamivu. Lakini aliketishwa chumba cha pembeni, akisikiliza mhadhara kwa mbali; maktabani akatengewa meza, na mkahawani akala kwa saa yake peke yake. Wapo watakaosema chuo ni masomo, urafiki ni hiari. Kweli, sheria haimlazimishi mtu kupenda. Ila hapa chuo chenyewe ndicho kilichowazuia hata waliotaka kukaa naye. Mwaka 1950 Mahakama ya Juu ilikataa utengano huo, ikitambua kuwa kujadiliana na wenzako ni sehemu ya elimu yenyewe. Tusihesabu walioandikishwa tu. Tutazame pia nani anakula na nani.