Sandarusi: Mali ya Uzaramo Iliyosahauliwa

Juma hili nakuomba tufunge safari mbili kwa pamoja. Moja ni ya mbali, ng'ambo ya bahari. Nyingine ni ya hapa hapa, nyuma ya nyumba zetu.

Ya mbali ni ya Marekani. Katika jimbo la Arizona kuna mji mdogo uitwao Quartzsite, nao umezungukwa na jangwa. Kila mwaka, ifikapo Januari na Februari, maelfu ya magari makubwa yenye vitanda, jiko na choo ndani yake hufika hapo na kupiga kambi. Wengi wa wenye magari hayo ni wastaafu wanaokimbia baridi ya kaskazini. Wapo miongoni mwao ambao asubuhi hushika nyundo na chupa ya maji, wakaenda jangwani kwa miguu kutafuta mawe yanayong'aa kama kioo. Mtu akiokota jiwe zuri hufurahi kama mtoto. Asipopata hurudi garini mwake, akachemsha chai, akalala. Hakuna anayemdai.

Safari ya karibu ni ya Kibaha na Kisarawe. Sisi watu wa Dar es Salaam tukisikia Kibaha twakumbuka foleni ya Barabara ya Morogoro. Tukisikia Kisarawe twakumbuka viwanja, mihogo na magunia ya mkaa. Ni wachache kati yetu wanaojua kwamba katika mchanga mwekundu wa vilima hivyo watu walitembea kutwa nzima, miaka mingi kabla ya jiji letu kuwako, wakitafuta vipande ving'aavyo vilivyofukiwa ardhini. Na wao walidaiwa.

Kitu walichokitafuta kinaitwa sandarusi.

Sandarusi hudhaniwa kuwa jiwe, lakini ni utomvu wa mti. Msandarusi ni mti wa misitu ya pwani yetu. Ukikatwa au ukijeruhiwa na wadudu hutoa utomvu mzito, nao hudondoka chini ya shina. Utomvu huo ukifukiwa mchangani mamia au hata maelfu ya miaka, hukauka na kugeuka kitu kigumu chenye rangi ya asali. Humo ndani pengine utamwona sisimizi au mbu aliyenaswa zamani, mbawa zake zikiwa kamili. Ni ndugu mdogo wa kaharabu, ila kaharabu ina umri wa mamilioni ya miaka.

Wazee wa pwani waliijua sandarusi kwa daraja zake. Ile mbichi, iliyochumwa mtini au kuokotwa chini ya mti, waliiita chakazi, na bei yake ilikuwa ndogo. Ile iliyokomaa ardhini, mahali ambapo pengine mti wenyewe ulikwisha kuoza na kusahauliwa, ndiyo iliyotafutwa. Hiyo ilikuwa na gamba la nje, na gamba likiondolewa ilionekana na vipele vidogo vidogo, kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Wafanyabiashara wa Kizungu walishindwa kulitamka neno chakazi, wakasema "jackass", yaani punda dume. Katika vitabu vya biashara vya karne ya 19 utakuta sandarusi ya punda imeandikwa kwa wino mzuri kabisa, na asili yake ni neno letu lililovunjwa vunjwa.

Je, ilichimbwaje? Mwingereza Richard Burton, aliyepita pwani hii mwaka 1857 akielekea Ziwa Tanganyika, aliandika habari zake katika kitabu alichokitoa mwaka 1860. Mchimbaji alifyeka majani, akachimba kishimo chembamba, akaondoa udongo kwa mkono hadi pale mkono wake ulipofika. Kisha alihamia mahali pengine. Hakukuwa na mgodi, wala ngazi, wala taa. Ilikuwa kazi ya kutembea na kubahatisha.

Hapo ndipo penye jambo ninalotaka tulifikirie. Kipande kile kilipotoka katika mkono wa Mzaramo, kilikwenda wapi?

Kilibebwa hadi pwani, Mbwamaji, Kunduchi au Bagamoyo. Huko alikuwapo mnunuzi na mizani yake, akipima kwa frasila. Kutoka hapo kilipakiwa jahazini kwenda Unguja. Na kutoka Unguja, sehemu kubwa ilipakiwa katika merikebu zilizotoka mji mmoja mdogo wa Marekani uitwao Salem, katika jimbo la Massachusetts.

Naam, Wamarekani walikuwa hapa mapema. Mwaka 1833 Seyyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, na ushuru wa bidhaa zao ukawekwa asilimia 5. Mwaka 1837 konseli wao wa kwanza, Richard Waters, mtu wa Salem, alifika Unguja. Waingereza nao walitia saini mkataba wao mwaka 1839. Lakini katika mkataba huo Seyyid Said aliacha mlango mmoja umefungwa: pembe za ndovu na sandarusi za pwani ya Mrima, kuanzia Mtangata karibu na Tanga hadi Kilwa, hazikuwa ruhusa kwa wageni kuzinunua huko huko. Sharti zipitie mikononi mwa wafanyabiashara wake, na forodha yake ipate chake.

Angalia, msikilizaji, jinsi wakubwa walivyoithamini mali hii. Ilitajwa kwa jina katika mkataba wa mataifa, sambamba na pembe za ndovu! Lakini huyo aliyeingiza mkono shimoni hakutajwa. Alizuiwa kuonana na mnunuzi wa mwisho, na mnunuzi wa mwisho alizuiwa kuonana naye. Katikati walijaa watu.

Naye alipata nini? Alipata nguo. Merikebu za Salem zilileta vitambaa vya pamba visivyotiwa rangi, vilivyofumwa katika viwanda vya Massachusetts. Watu wa pwani wakaviita merikani, na neno hilo limo katika lugha yetu hata leo. Bibi anayeomba dukani yadi mbili za merikani anataja, bila kujua, nchi iliyobadilishana na babu zake nguo kwa utomvu.

Huko Salem sandarusi ilisafishwa. Jamaa wa ukoo wa Whipple walikuwa na kiwanda cha kazi hiyo. Waliiosha katika maji makali yanayofanana na magadi mpaka gamba likatoka, kisha wakaichambua vipande kwa vipande, kwa ukubwa na kwa ung'avu. Baadaye iliyeyushwa kwa moto na kuchanganywa na mafuta, ikawa vanishi. Vanishi hiyo ilipakwa kwenye samani na kwenye magari ya farasi ya matajiri, yakang'aa na kustahimili mvua. Basi kabla ya kuwako magari yenye vitanda na jiko, magari ya Ulaya na Marekani yalikuwa yaking'aa kwa jasho la Uzaramo.

Utaniambia: dawa ni nyepesi, tungeisafisha wenyewe. Subiri kidogo. Mwaka 1861 serikali ya Marekani iliweka ushuru kwa sandarusi isiyosafishwa. Wafanyabiashara walipiga hesabu, wakaona ni heri ioshwe Unguja. Kwa hiyo kazi ya kiwandani ilikuja kwetu, tena bila sisi kuiomba! Je, mchimbaji wa Kisarawe aliinuka? La hasha. Vyombo vya kuoshea vilikaa mjini Unguja, mali ya wenye mali. Yeye alibaki ng'ambo ya maji, akiuza gunia lenye mchanganyiko, na daraja za mali yake zikapangwa baada ya yeye kwisha kulipwa. Kiwanda peke yake hakimwinui mtu asiyejua ameuza nini.

Hata hivyo nisimfanye mchimbaji kuwa mnyonge kupita kiasi. Alikuwa na shamba lake. Bei ilipokuwa mbaya aliacha kuchimba, akarudi kwenye mtama na mihogo yake. Wageni wengi waliita tabia hiyo uvivu. Mimi naiita mgomo. Ni silaha aliyokuwa nayo, naye aliitumia, na ilikuwa na nguvu maadamu msitu na shamba vilikuwa vyake.

Ndiyo maana naona pigo kubwa halikuwa bei. Wajerumani walipoitawala nchi, walileta kodi ya kibanda mwaka 1898, na mwaka 1904 wakatunga sheria ya misitu iliyotenga hifadhi na kuwawekea wenyeji mipaka. Sasa mtu alidaiwa fedha, na huku mahali pa kuzipatia fedha hizo pakawekewa masharti. Mpira wa porini nao ulikuwa umekwisha kuwavuta wengi waache sandarusi. Vita vya Maji Maji vilipolipuka mwaka 1905, manung'uniko yalikuwa mengi, na haya ya msitu na kodi yalikuwamo.

Soko lenyewe nalo lilikuwa linakwenda zake. New Zealand walichimba utomvu wao wa mti wa kauri na kuuza kwa wingi. Kisha wanakemia wakaanza kutengeneza vitu vya namna hiyo kiwandani. Katika miaka ya 1920 viwanda vya magari vya Marekani vilianza kupulizia rangi mpya iliyokauka kwa saa chache, mahali ambapo vanishi ya zamani ilihitaji majuma. Gari la moshi na gari la mafuta vilipolishinda gari la farasi, sandarusi nayo ikashindwa. Hakuna aliyekuja Kisarawe kuwaarifu watu kwamba biashara imekufa. Wanunuzi waliacha tu kuja.

Nimepata kutembea katika njia za msitu wa Ruvu Kusini, ulio kati ya Kibaha na Kisarawe, ambao reli ya kati inaupita. Nilikuwa na mzee mmoja mwenyeji. Nilimwuliza kama anaijua sandarusi. Akasema, "Mwanangu, jina nalijua, bibi yangu alikuwa akilitaja. Lakini kuiona, sijaiona." Hatua chache mbele tulikuta tanuri la mkaa, bado moto. Nikamwuliza ni miti gani imekatwa. Akanijibu, "Yoyote iliyokuwa karibu."

Jibu hilo lilinikaa moyoni. Mti uliotajwa katika biashara ya dunia leo unaingia tanurini pamoja na miti mingine, hauulizwi jina. Na mkaa huo tunaupika sisi wa mjini. Hatuna haki ya kumlaumu mchoma mkaa huku maharage yetu yanachemka juu ya moto wake.

Wala hadithi hii si ya sandarusi tu. Katika vilima vya Pugu, huko huko Kisarawe, kuna hazina kubwa ya udongo mweupe uitwao kaolini, unaotumika kutengenezea vyombo vya kauri, vigae na karatasi. Yale yanayoitwa mapango ya Pugu, wanakoishi popo, ni mashimo yaliyoachwa na wachimbaji wa udongo huo. Watalii huingia na tochi, wakastaajabu, wakatoka. Wangapi huuliza nani alichimba, na udongo ule ulikwenda kuwa nini? Malori ya mchanga na kokoto nayo hushuka kila siku kuja kujenga jiji. Tunauza kwa lori, kama vile babu alivyouza kwa gunia.

Ndugu msikilizaji, sisemi turudi kuchimba sandarusi. Siku zake zimepita. Ninachosema ni kwamba mwenye mali asiyejua daraja za mali yake huuza kwa bei ya chini kabisa ya vyote alivyo navyo. Wazee wetu walijua kutofautisha chakazi na iliyokomaa, lakini ujuzi huo haukuwasaidia sana, kwa sababu mizani na soko vilikuwa kwa mwingine. Leo sisi tuna shule, tuna wataalamu wa miamba, tuna halmashauri zilizochaguliwa. Mwenyekiti wa kijiji anayetia saini karatasi ya kuruhusu lori lipakie, anapaswa kujua kilichomo ndani ya lori, kinakokwenda, na bei yake huko kinakokwenda. Hayo matatu tu. Babu zetu hawakupata hata moja kati ya hayo mawili ya mwisho.

Na mwalimu aliyeko Kibaha au Kisarawe, nina ombi kwake. Wapeleke watoto msituni siku moja, uwaonyeshe msandarusi uliosalia, kisha uwaulize merikani maana yake nini. Yule mstaafu wa Quartzsite hutembea na kitabu kinachomweleza kila jiwe alikanyagalo. Mtoto wetu anatembea juu ya mchanga uliotajwa katika mikataba ya mataifa, na hakuna aliyemwambia.

Mali bila daftari huisha bila habari. Kwa leo naishia hapa. Tukijaliwa, tukutane tena juma lijalo.